Maswali ya Wasomaji: Greda Ilale Wapi?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya ofisi za matengenezo ya barabara mikoani, na barua zimekuja nyingi hadi nimeshangaa, nyingine za sauti kwa WhatsApp. Sababu naijua. UNRA, ile mamlaka ya barabara kuu za Uganda, ilianza kazi 2008, ikaweka vituo toka Arua mpaka Kabale, mwisho wa 2024 kazi zake zikarudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na sasa kila mji unauliza kituo chetu kitabaki, kitahama, au sisi ambao hatukuwahi kuwa nacho tutapata. Barua zinazofanana nimeziunganisha na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

SWALI: Salamu kwako mhariri. Mimi ni kansela, yaani diwani, wa kaunti ndogo huku Nebbi. Kamati yetu ya ujenzi inatafuta pahali pa kuweka kambi ya mashine, na wenzangu wengi wanasema tuchukue ramani ya wilaya tuweke katikati kabisa ili kila mtu apate haki sawa. Injinia anakataa lakini hajatueleza tukaelewa. Nani yuko sawa?

JIBU: Mheshimiwa, injinia wako ndo yuko sawa, na namwelewa akishindwa kueleza maana jambo lenyewe ukiwa barabarani unaliona mara moja lakini kwenye kikao linakuwa gumu. Katikati ya ramani ni katikati ya ardhi. Greda inafuata kazi, na kazi haijagawanyika sawasawa juu ya ardhi. Kuna barabara ya tambarare yenye udongo mgumu inakaa mwaka mzima bila kusumbua mtu, halafu kuna kipande cha mteremko, kifupi tu, kila mvua ikinyesha lazima mrudi, mkitengeneza leo, ukifika mwezi wa nne mko hapo tena.

Tuchukue mfano wa hesabu ndogo, uupeleke kwenye kamati. Sema mna barabara moja ya kilometa 120. Mwanzo wake, kilometa 0, mna kazi ya siku 20 kwa mwaka. Kilometa ya 30 kuna ule mteremko mbaya, siku 70. Kilometa ya 80 siku 30, na mwisho kule kilometa ya 120 siku 30 tena. Jumla siku 150. Katikati ya ramani ni kilometa ya 60, si ndiyo? Mkiweka kambi hapo, na gari la kupeleka watu na mafuta linakwenda na kurudi kila siku ya kazi, kwa mwaka litatembea kilometa 11,400. Mkiiweka kilometa ya 30, pale pale kwenye mteremko, litatembea 9,600. Hapo mmeokoa kilometa 1,800 kwa barabara moja na gari moja, na hamjanunua hata spana. Namna ya kupata pahali penyewe ni rahisi, anza upande mmoja ujumlishe siku za kazi, 20, halafu 20 na 70 ni 90, nusu ya 150 ni 75 kwa hiyo nusu umeivukia kilometa ya 30, basi ndo hapo. Utashangaa kwamba urefu wa barabara haukuingia kwenye hesabu ya kuchagua, ni siku za kazi tu zimeamua.

Barabara zikiwa nyingi zinakutana na kuachana hesabu inakuwa ndefu lakini wazo ni lile lile. Na kuna jambo zuri alilolithibitisha mtaalamu mmoja wa hesabu anaitwa Hakimi mwaka 1964, kwamba ukitafuta pahali panapopunguza jumla ya safari zote kwenye mtandao wa barabara, huna haja ya kupekua kila kilometa ya pori, daima utapata jibu bora kwenye makutano ya barabara au kwenye mojawapo ya zile sehemu zenye kazi. Kwa hiyo kamati yako isipoteze siku kuzunguka na gari inatafuta kiwanja popote. Andikeni majina ya makutano na miji, mnaweza kukuta hayafiki kumi, mpime hayo tu. Nebbi mjini penyewe barabara ya Pakwach, ya Arua na ile ya kwenda Goli na Paidha zinakutana, sisemi ndo jibu maana sina orodha ya kazi zenu, nasema pawe kwenye orodha.

La pili, na hili naomba mlisisitize: pimeni kwa masaa, na masaa ya wakati wa mvua. Kilometa 60 za lami ni saa moja. Kilometa 40 za maramu, ile changarawe ya barabara zisizo na lami, ikiwa imelowa zinaweza kula masaa mawili na zaidi, na tipa ikikwama hapo hesabu yote imekufa. Ukipima mwezi wa kwanza barabara kavu utaweka ofisi pahali ambapo mwezi wa tano hapatoki gari, na mwezi wa tano ndo watu wanakuhitaji. Halafu greda yenyewe sio pikapu. Ikitembea kwa tairi zake chukulia kilometa 25 kwa saa. Kazi ikiwa kilometa 75 ni masaa matatu kwenda, matatu kurudi, siku ya kazi ni masaa nane, umebaki na mawili ya kuchonga barabara. Dizeli imeungua, tairi zimelika, opereta amechoka, na wanakijiji wameona mashine ikipita tu kama wageni wa harusi. Ndo maana kazi ya mbali greda inapandishwa kwenye lobedi, lile trela la chini la kubebea mashine, au inalala huko huko na mlinzi mpaka kipande kiishe. Kwa hiyo mkipanga ofisi pangeni pia sehemu mbili tatu za kulaza mashine, uwanja wenye uzio na taa na mlinzi anayelipwa kwa wakati, maana greda iliyolala bila mlinzi asubuhi haina betri wala dizeli.

Mwisho kwako, muulizeni injinia machimbo ya maramu yako wapi. Kwenye kazi ya kumwaga maramu upya gharama kubwa ni tipa kutoka shimoni mpaka barabarani, trip baada ya trip, na hiyo haijali ofisi iko wapi. Ofisi ikiwa nzuri lakini shimo liko ng'ambo nyingine ya wilaya bado mtaumia.

SWALI: Kuna mzee ametuahidi ekari nne za bure kwa ajili ya kituo, kilometa 18 toka barabara ya lami. Wengine wanasema tusiache bahati. Mubende.

JIBU: Mshukuruni mzee kwa moyo wake, halafu pigeni hesabu kabla ya kukubali. Pikapu ikitoka na kurudi mara mbili tu kwa siku ni kilometa 72 za ziada kila siku. Kwa siku 250 za kazi ni kilometa 18,000 kwa mwaka, na hiyo ni pikapu moja, hatujagusa tipa wala lori la mafuta. Ekari nne mjini mtazilipia mara moja. Hizi kilometa mtazilipa miaka 30.

Na Mubende nyinyi mnajua mambo ya ardhi kuliko mimi. Kama ni ardhi ya mailo ulizeni mwenye hati ni nani na mwenye kibanja, yaani anayekaa na kulima hapo, ni nani, wote wawili wakubali kwa maandishi, la sivyo mtajenga ghala na karakana halafu siku moja mnaletewa barua ya mahakama na mashine zote ziko ndani ya geti.

SWALI: Mimi ni dereva wa tipa Adjumani. Nasikia watu wakisema ofisi moja inatosha kwa Adjumani na Moyo kwa sababu kwenye ramani ni pua na mdomo. Hawa watu wamewahi kusubiri feri Laropi? Jioni tipa imejaa, feri imeshafunga kazi, unalala kwenye kabini mpaka asubuhi.

JIBU: Ndugu yangu umesema yote. Mto Nile kwenye ramani ni mstari wa bluu mwembamba, kwa mtu wa mashine ni ukuta wenye mlango mmoja unaofungwa jioni. Kokote kwenye feri usipime umbali, pima muda wa kusubiri mbaya kuliko yote uliowahi kuona, ujumlishe na ule wa kuvuka, na usiku weka kwamba hakuna njia kabisa. Ukifanya hivyo Moyo na Adjumani zinatengana zenyewe, kila upande unahitaji angalau greda na tipa zake hata kama bosi ni mmoja. Kalangala vile vile, kisiwa cha Bugala kinategemea feri ya Bukakata kwenda Luku, kule huwezi kusema mashine itatoka Masaka kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, likibomoka.

Lakini nakuongezea kitu: hata daraja lisikudanganye. Mwezi wa tano 2023 maji ya mto Katonga yalikata barabara ya Kampala kwenda Masaka, barabara ambayo nusu ya nchi inapita, na magari yakazungushwa Mpigi, Kanoni, Sembabule, mpaka Masaka. Mwaka 2024 daraja la Karuma juu ya Nile, ambalo ni la 1963, likafungwa miezi kadhaa likarabatiwe, wa Arua wenye magari madogo wakapitia Masindi na Paraa, malori makubwa yakaenda kuzunguka mbali. Sasa fikiria ofisi yako moja ilikuwa upande wa kusini na barabara zako za kazi ziko kaskazini. Na kuna jambo watu hawalifikirii, barabara ya kuzungukia ikipokea malori yote yale kwa ghafla inaharibika ndani ya wiki, kwa hiyo siku daraja linakatika kazi inaongezeka na njia ya kuifikia inapungua, vyote kwa pamoja. Mimi naamini kila daraja kubwa ambalo halina mwenzake wa karibu, mashine ziwe pande zote mbili. Ni gharama, ndiyo, na inafaa kulipwa.

SWALI: Mhariri mimi ni mama nauza ndizi na kahawa, niko Bududa. Mvua ikishuka mlima unaporomoka barabara inafungwa na sisi mizigo inaoza. Tukiuliza tunaambiwa ofisi iko Mbale, si mbali. Kweli si mbali, lakini mashine inakuja baada ya siku ngapi! Tupigane tupate ofisi yetu?

JIBU: Pole sana mama. Eneo la mlima Elgon sote tunajua maporomoko yaliyotokea, 2010 kule Nametsi, na mwishoni mwa 2024 Bulambuli, kwa hiyo mtu akikwambia si mbali hajui anachokisema.

Ile hesabu niliyompa kansela wa Nebbi ina udhaifu wake na kwako wewe ndo unaonekana. Inapunguza jumla ya safari zote. Sehemu yenye kazi ya siku chache lakini iko mbali juu mlimani ina sauti ndogo kwenye jumla, inamezwa na wengine. Kwa kazi za kawaida kama kuchonga na kuzibua mitaro ni sawa, wiki moja ya kuchelewa haiui mtu. Kwa dharura si sawa kabisa. Dharura inahesabiwa namna nyingine: unaweka kikomo, tuseme masaa mawili wakati wa mvua, halafu unauliza ni sehemu zipi mashine haiwezi kufika ndani ya hayo masaa mawili, na unatafuta mpangilio ambao unawaacha nje watu wachache kuliko wote. Wataalamu wawili, Church na ReVelle, waliiandika hesabu hiyo 1974 na mpaka leo inatumika kupanga ambulansi na magari ya zimamoto. Barabara za milimani zinastahili kupangwa hivyo hivyo, na ningependa kuona wizara inaitumia kwa Elgon, kwa Rwenzori kule Kasese ambako mto Nyamwamba unafurika, na kwa Kigezi kuanzia Kabale mpaka Kisoro.

Sasa, mpigane mpate ofisi? Hapana mama, ofisi maana yake ni jengo, mhasibu, karani, gari la bosi, na bajeti ikiisha mnabaki na jengo. Piganeni mpate kijiko, ile mashine ya kuchimba, au loda moja ilale Bududa kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, na tena kuanzia wa tisa hadi wa kumi na moja, pamoja na opereta, na dizeli iliyolipiwa kabla, na ruhusa. Hilo neno ruhusa ni kubwa. Mara nyingi mashine inaweza kuwa karibu lakini opereta anasubiri karatasi ya mafuta isainiwe mjini na mwenye kusaini yuko semina. Ombeni kwamba barabara ikifungwa injinia wa huko huko awe na mamlaka ya kuitoa mashine siku hiyo hiyo bila kusubiri mtu. Hapo masaa mawili yatakuwa masaa mawili kweli.

Na kitu kimoja cha bei ndogo kinachosaidia kuliko vyote, vikundi vya kufyeka na kuzibua. Barabara ya mlimani mara nyingi haifi kwa maporomoko, inafia kwenye mdomo wa kalavati. Majani yanakaa pale, juu yake kaveera, yaani mifuko ya plastiki, mbili tatu, juu yake tope, mdomo unaziba kidogo kidogo hakuna anayeona, siku ya mvua kubwa maji yanakosa pa kuingia yanapanda juu ya barabara yanavuka, yanakata bega la chini, asubuhi unakuta bomba la zege linaning'inia hewani na barabara imebaki upana wa bodaboda. Mtu mmoja mwenye jembe na reki, anayekaa nusu kilometa kutoka hapo, angelizuia hilo kwa nusu saa. Kazi hiyo haihitaji ofisi, inahitaji jirani anayelipwa.

SWALI: Niko Kotido. Huku wanachonga barabara wakati wa kiangazi, baada ya wiki mbili ni vumbi tupu na mashimo yamerudi. Inahusiana na ofisi au ni kazi mbaya tu?

JIBU: Inahusiana na maji. Maramu haishikani ikiwa kavu, lazima ilowe kiasi ndo rola iishindilie. Ukichonga kavu bila bauza, lile lori la tanki la maji, umeparua tu ile changarawe nzuri ya juu na upepo unaichukua, mwaka ujao umebaki na udongo mtupu. Huko kwenu Karamoja kiangazi maji yako mbali, na sehemu nyingine ni ule udongo mweusi ambao ukikauka unapasuka na ukilowa unakuwa gundi, huo hata greda haiuwezi mpaka ufunikwe. Kwa hiyo kituo cha huko kichaguliwe karibu na maji ya uhakika ya kiangazi, kisima kirefu chenye pampu au bwawa, hata kama sio mji mkubwa. Naomba wapangaji wahesabu bauza kama wanavyohesabu tipa, kusini mtu anaweza kulisahau maana mto uko kila bonde, Karamoja ukilisahau umetupa kazi yote. Na kazi ya kuchonga ipangwe mvua zinapoanza au zinapoelekea kuisha, udongo ukiwa na unyevu wake wenyewe.

SWALI: Dereva wa lori hapa, Tororo na Malaba. Kwa nini kila wilaya isipewe ofisi yake kamili na mashine zake zote tukamaliza maneno?

JIBU: Wilaya ziko 135 na Kampala juu yake, zidisha kwa greda, rola, loda, tipa na bauza, halafu zidisha kwa mafundi, utaona. Lakini swali lako ni zuri kwa sababu tayari tulilifanya nusu yake, mashine zilizonunuliwa Japani zikagawiwa wilaya mwaka 2017, na nyingi zilifanya kazi nzuri. Shida inakuja zikiharibika. Karakana kubwa za mikoa za wizara ziko Bugembe, Gulu na Mbarara, kwa hiyo greda ya wilaya ya mbali ikivunjika kitu kikubwa ama inasafirishwa kwa lobedi au inasubiri fundi, na inaposubiri majani yanaota mpaka kwenye kiti.

Kwa maoni yangu tuache kuongea juu ya ofisi kama kitu kimoja. Kuna vitu vya kutawanya na vitu vya kukusanya. Watu wa jembe, watawanye kila kijiji. Greda na tipa, zitawanye kiasi, zilale kwenye makutano. Fundi wa haidroliki, mashine ya kupimia udongo, stoo ya spea za gharama, hivyo vikusanye sehemu chache vikiwa imara, maana ukigawa mafundi watano wazuri kwenye wilaya kumi huna fundi popote. Ofisi za kati kazi yake ni kuunganisha hao wa juu na wa chini. Idadi yake inapatikana kwa kulinganisha, ongeza ofisi moja uone safari zimepungua kiasi gani, kama kilichookolewa kwa mwaka kinazidi mishahara na umeme wa ofisi hiyo mpya iache ibaki, kama hakizidi ifute. Za mwanzo zitaokoa sana, kila unayoongeza itaokoa kidogo kuliko iliyotangulia.

Halafu mipaka. Barabara kuu ni ya wizara, ya wilaya ni ya wilaya, ya mjini ni ya manispaa, na Kampala wana KCCA, mamlaka ya jiji. Wewe dereva hujui umevuka wapi, unajua tu lami imeisha ghafla. Greda ya wilaya inachonga mpaka kwenye kibao cha mpaka inageuka, na kilometa tatu zilizobaki ng'ambo zinasubiri greda nyingine isafiri kilometa 50 kuja kuzifanya. Wilaya mbili jirani wakiandikiana makubaliano ya kumaliziana vipande vya mpakani wanaokoa bila kujenga kitu, na hakuna sababu ya kusubiri Kampala iwaambie.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Gulu, nasoma uinjinia, nataka kufanya projekti juu ya hili. Sina pesa ya programu. Nianzie wapi?

JIBU: Kijana, anza, pesa haihitajiki. Barabara utazipata kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, na programu ya ramani ya QGIS ni ya bure na inafanya kazi kwenye laptop ya kawaida. Kila kipande cha barabara kipe spidi yake, lami na maramu tofauti, na tengeneza seti mbili, kiangazi na mvua, halafu usizikisie ukiwa chumbani, panda boda au lori uzipime baadhi, ongea na maopereta maana wao wanajua kipande kipi kinakwama mwezi gani na hakuna ramani inayojua hivyo. Kaskazini kwenu mvua ni msimu mmoja mrefu toka kama mwezi wa nne hadi wa kumi, kusini ni misimu miwili, kwa hiyo usichukue spidi za mtu wa Masaka ukazitumia Kitgum.

Ukishapata masaa ya kila mji kwenda kila sehemu ya kazi, jaribu mipangilio. Ukiwa na miji 22 na unataka ofisi 4 kuna mipangilio 7,315, laptop inaimaliza yote kabla hujainua kikombe. Ikiwa mikubwa zaidi ya hapo anza na mpangilio wowote, toa ofisi moja weka mji mwingine, ikiwa bora iache ibaki, ikiwa mbaya rudisha ya zamani, endelea mpaka hakuna badiliko linaloboresha, halafu anza tena na mpangilio mwingine usije ukawa umekwama kwenye jibu zuri kiasi ambalo si bora kuliko yote. Pima kila jibu mara mbili, mara kwa jumla ya masaa, mara kwa sehemu ya mbali kuliko zote, na uoneshe vyote viwili kwa maana waalimu wengi wataridhika na cha kwanza tu na mama wa Bududa atakuwa amesahauliwa tena.

Kisha funga baadhi ya madaraja kwenye programu yako, Karuma, Pakwach, uone mpangilio upi bado unasimama. Na kabla hujaandika jina la mji kwenye ripoti nenda ukauangalie, kama kuna umeme, mtandao, shule na zahanati, kwa sababu injinia mwenye watoto hatakaa pahali pasipo na shule hata hesabu yako ikisema ndo bora, atakuwa anakuja Jumanne anaondoka Alhamisi. Ukimaliza tutumie ramani, tutaichapa kwenye kurasa hizi ikiwa na jina lako.